Mwongozo kamili: kuandika na kutuma pepa kwenye jarida la sayansi jinai mpaka ivuke meza ya mhariri

"Dada shikamoo, wameirudisha tena. Siku ya tatu tu." Meseji ya namna hii naipata mara nyingi sana toka kwa wadogo zangu wa maabara na wa vyuo hapa Dar, na kila nikiomba kuisoma hiyo pepa nakuta kitu kilekile: kazi ya maabara ni nzuri, mtu amehangaika, mashine imepima vizuri, lakini pepa haikufika hata kwa wahakiki, yani wataalamu wanaoikagua, imeishia kwa mhariri. Inaniuma kwa sababu yanayoirudisha karibu yote unaweza kuyarekebisha ukiwa hapahapa mezani kwako.

Mfano ntakaoutumia ni mtu aliyepima methanoli, ile pombe yenye sumu, kwenye gongo na kwenye damu za marehemu, mana hiyo ni kazi ya kwetu na kila mtu anaielewa. Wewe wa vinasaba, alama za vidole au mwandiko fuata hatua hizihizi, panapotofautiana ntasema.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaandika neno moja

- Kibali cha maadili chenye namba na tarehe, kiskani kiwe PDF.
- Barua ya ruhusa ya maabara au taasisi yenye hizo sampuli na taarifa.
- Daftari la maabara na mafaili ghafi ya mashine, sio skrinishoti.
- Data zote kwenye Excel, majina yameshatolewa, kila sampuli ina kodi yake tu.
- Namba ya ORCID ya kila mwandishi, ndiyo inayomtambulisha mtafiti mtandaoni. Ni bure, tarakimu 16, unajisajili kwa dakika tano.
- Imeili ambayo hutaipoteza. Ya chuo ni nzuri ila kama mkataba unaisha mwezi wa tisa weka na nyingine.
- Mwongozo wa waandishi wa jarida lenyewe, uuprinti. Kweli, uuprinti, uwe nao mezani na kalamu.
- Pepa tatu nne zilizotoka kwenye jarida hilohilo miaka miwili ya karibuni, za aina kama yako.

Programu ya kupanga marejeo nayo ni ya lazima, Zotero ni bure. Ukiandika marejeo kwa mkono alafu jarida likakataa na ukahamia lingine lenye mtindo tofauti utalia.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Usianze na utangulizi. Chukua karatasi uandike: nilitaka kujua nini, na jibu ni nini. Sentensi moja ya swali, moja ya jibu.

Mfano mbaya: "Utafiti kuhusu methanoli kwenye gongo Tanzania." Hilo ni eneo, bado sio swali. Mfano mzuri: "Je, gongo inayouzwa wilaya ya Temeke ina methanoli kwa kiasi kinachoweza kudhuru mnywaji, na kiasi hicho kinaendana na kinachokutwa kwenye damu za waliofariki baada ya kuinywa?"

Kwanini nasisitiza hapa? Mhariri anasoma kichwa cha habari, muhtasari na barua yako, basi. Akimaliza hajajua umejibu nini anarudisha. Alafu kuna kosa naliona sana, sampuli zimetoka Temeke peke yake kichwa kinasema Tanzania. Dar yenyewe ina wilaya tano, Ilala, Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni, sasa wewe umeenda moja unasemea nchi nzima. Andika ulipofika tu, hakuna anayekudharau kwa hilo.

Utajua umefaulu pale utakapomsomea mtu asiye wa fani, mama yako au jirani, na akakuuliza swali linalofuata badala ya kukuuliza "kwa hiyo?"

## Hatua ya 2: Vibali, tena kabla ya kila kitu

Hapa ndo wengi wanaanguka na hakuna namna ya kurekebisha baadaye. Kamati ya maadili haitoi kibali kwa utafiti uliokwisha kufanyika, na jarida la maana halichapishi utafiti wa binadamu usio na kibali, hata kama binadamu mwenyewe ni marehemu, hata kama ulichotumia ni mafaili ya zamani tu. Usijiambie "hizi ni kesi za kazini, sio utafiti". Zikishaingia kwenye pepa ni utafiti.

Kwetu mambo yanaenda hivi. Chuo chako kina kamati yake, na kwa utafiti wa afya kuna kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ukisoma masharti ya cheti cha NIMR utakuta kinakutaka uombe ruhusa kabla ya kuchapisha matokeo, na watu wanalisahau sharti hilo kabisa mpaka pepa imeshakubaliwa, ndipo wanaanza kukimbizana. Omba mapema, rasimu ikikaa vizuri tu. Kama una mtafiti mwenzako wa nje ulizeni COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, mapema kuhusu kibali chake, na kama sampuli zinasafiri nje kuna makubaliano ya kuhamisha sampuli ambayo lazima yasainiwe kabla boksi halijaondoka.

Vinasaba vya binadamu vina sheria yake ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Tangu 2022 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo jina, picha ya uso, namba ya simu, hata mtaa mdogo ambao kila mtu anajua tukio lilitokea pale, vyote vinamtambulisha mtu.

ONYO: kesi ikiwa bado iko mahakamani usiichapishe. Subiri iishe na rufaa iishe. Pepa yako inaweza kutumiwa na wakili wa upande wowote, na wewe mwenyewe unaweza kuitwa kizimbani kuulizwa kwanini uliandika hivi huku ripoti yako ya maabara inasema vile.

Ukimaliza hatua hii uwe na sentensi moja iliyokamilika: kamati gani, namba gani, tarehe gani. Iende kwenye mbinu, na irudi mwisho wa pepa.

## Hatua ya 3: Chagua jarida, na ujue nani analipa

Soma ukurasa wa malengo ya jarida kabla ya kupenda jina lake. Forensic Science International (FSI) linapokea mambo mapana. Journal of Forensic Sciences ni la AAFS, chama cha wanasayansi jinai wa Marekani. Science & Justice ni la chama cha wanasayansi jinai cha Uingereza. Sumu na dawa zina Journal of Analytical Toxicology. Vinasaba vina FSI: Genetics, na hilo ukileta data za idadi ya watu linataka kwanza zipite ukaguzi wa kanzidata husika, YHRD kwa kromosomu Y, EMPOP kwa mitokondria, STRidER kwa STR za kawaida (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia). Anza ukaguzi huo mapema, una foleni yake.

Kwenye hela, sikiliza vizuri. Majarida mengi makubwa ni mchanganyiko, yani ukichagua njia ya usajili hulipi kitu, wasomaji ndo wanalipa. Ukichagua iwe wazi kwa wote unalipa, na ni maelfu ya dola. Kuna majarida ambayo ni ya wazi tu, hayana njia ya bure, kama FSI: Synergy na FSI: Reports. Msamaha upo kwa nchi zetu lakini orodha zinatofautiana: wachapishaji wengine wanatumia ya Research4Life, mpango wa kuzisaidia nchi zenye kipato kidogo kupata majarida, wengine ya Benki ya Dunia, na kwa Benki ya Dunia Tanzania ilipanda Julai 2020 kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, hivo unaweza kupewa punguzo badala ya msamaha wote. Uliza kwa imeili KABLA ya kutuma na utunze jibu.

Jarida likikuandikia lenyewe "mheshimiwa profesa tunakualika" na kukuahidi majibu ndani ya siku tano, kaa mbali. Angalia kama lipo PubMed, Scopus au DOAJ, ambazo ni orodha za majarida na pepa, kwa kwenda kwenye kanzidata zenyewe, usiamini nembo zilizobandikwa kwenye tovuti yao.

## Hatua ya 4: Mbinu, sehemu inayoua pepa nyingi

Andika mbinu kwanza, ndiyo rahisi mana ulifanya mwenyewe. Kipimo chake ni hiki: mtu wa maabara nyingine, ambaye hana namba yako ya simu, aweze kurudia.

Kwa damu ya marehemu mhakiki atataka kujua ilichukuliwa wapi mwilini. Damu ya mshipa wa paja na damu ya moyo hazitoi namba sawa, sumu inahama baada ya kifo. Ilichukuliwa saa ngapi baada ya kifo, iliwekwa kwenye chupa yenye floridi ya sodiamu au haikuwekwa, ilikaa kwenye jokofu nyuzi ngapi na siku ngapi. Kwa joto la Dar hili, mwili ukichelewa kuingia kwenye friji bakteria wanatengeneza ethanoli wenyewe, kwa hiyo ukisema marehemu alikuwa amelewa utaulizwa umejuaje kama alikunywa. Kama ulipima na mkojo au majimaji ya ndani ya jicho, sema. Kama umeme ulikatika na friza ikapanda joto, sema pia, na useme ulifanya nini. Mhakiki anakubali udhaifu uliosemwa kuliko ule anaougundua yeye.

Pepa yangu ya kwanza ilirudi kwa swali moja. Nilikuwa nimetumia n-propanoli kama kiwango cha ndani (kemikali unayoongeza kwa kiasi unachokijua ili kulinganishia) kwenye GC, mashine ya kutenganisha kemikali kwa gesi, na mhakiki akaandika mistari miwili: damu hii ni ya maiti, n-propanoli inaweza kutengenezwa na bakteria wakati wa kuoza, sasa unajuaje kiwango chako hakijaongezeka? Nilikaa naangalia skrini muda mrefu. Alikuwa sahihi kabisa. Bahati nzuri sampuli zilikuwa bado kwenye friza, tukarudia zote kwa t-butanoli, ikatuchukua miezi minne. Mngekuwa mnafanya leo ningewaambia muanze nayo hiyo hiyo.

Alafu uthibitisho wa njia. Kuandika "R² ilikuwa 0.999", yani pointi za kalibresheni zimekaa vizuri kwenye mstari, peke yake hakutoshi. Kwa sumu, mwongozo unaotumika sana ni ANSI/ASB 036 wa Marekani, na unataka kalibresheni iwe na angalau viwango sita visivyo sifuri, kila kimoja kirudiwe mara tano au zaidi kwenye mizunguko tofauti. Ukosefu wa usahihi na mtawanyiko visizidi asilimia 20. Onyesha na LOD (kiasi kidogo kabisa ambacho njia yako inaweza kukigundua), uhamisho wa mabaki toka sampuli moja kwenda nyingine, vitu vinavyoweza kuingiliana, na uimara wa sampuli ikikaa. Weka kwenye jedwali moja, mhakiki akilikuta anatulia.

Wa alama za vidole na mwandiko, kwenu uzito uko kwenye kiwango cha makosa. Tangu ripoti ya 2016 ya PCAST, baraza la washauri wa sayansi wa rais kule Marekani, ukiandika "nililinganisha na zikafanana" utaulizwa wangapi walilinganisha, walijua jibu kabla au hawakujua, na walikosea mara ngapi.

Na mnyororo wa ulinzi wa kielelezo usiruke. Aya moja tu: nani alikipokea, kilifungwaje, lakiri ilikuwa nzima au la.

## Hatua ya 5: Matokeo, majedwali na picha

Matokeo yaeleze ulichokuta, maoni yasubiri. Toa idadi kamili pamoja na asilimia, mana "asilimia 50" ya chupa nne ni chupa mbili.

Picha usizikopi toka Word ukazibandika. Majarida ya mchapishaji Elsevier yanataka picha za kawaida dpi 300 na michoro ya mistari dpi 1000. Grafu itoe moja kwa moja kwenye programu uliyochorea. Mihimili yote iwe na jina na kipimo, isomeke hata ukiiangalia kwenye simu.

Sasa hili lisome taratibu. Mdogo wangu mmoja aliniletea pepa ikiwa tayari kutumwa, ina picha nzuri ya chupa ya gongo juu ya meza ya maabara, ya plastiki, kifuniko cha bluu, rula iko pembeni kama inavyotakiwa. Nikaikuza kwa vidole kwenye simu. Kona ya chini kulia kulikuwa na kipande cha bahasha ya kaki, na juu yake kwa maka peni nyeusi: namba ya RB na jina la kwanza la marehemu. Mwandishi mwenyewe alishaiangalia hiyo picha zaidi ya mara ishirini, hakuiona, mana macho yake yalikuwa kwenye chupa. Ingetoka hivo familia ya mtu ingeikuta mtandaoni milele.

Kwa hiyo kuza kila picha mpaka mwisho, kona zote nne. PF3, lebo, bahasha, tatuu, kioo kinachoakisi sura ya mtu. Usizibe kwa kuweka boksi jeusi juu kwenye Word, mana boksi linaondolewa, kata picha yenyewe. Ila usibadilishe mwanga sehemu moja ya picha ili kitu kionekane vizuri, huko ni kuchezea ushahidi.

## Hatua ya 6: Mjadala, utangulizi na muhtasari, kwa mpangilio huo

Mjadala uanze na jibu lako la Hatua ya 1. Kisha linganisha na waliotangulia, kisha udhaifu, kisha hili litamsaidiaje mchunguzi, daktari au mahakama.

Utangulizi uwe mfupi. Hatuhitaji historia ya pombe duniani. Aya tatu: tatizo, kilichojulikana, ambacho hakijajulikana. Muhtasari andika mwisho kabisa, na namba zilizomo zifanane na za kwenye jedwali, zikague moja moja ukiwa na kalamu. Elsevier wanataka pia pointi kuu tatu mpaka tano, kila moja isizidi herufi 85 pamoja na nafasi.

Kiingereza kisikutishe, sentensi fupi zinatosha. Ukitumia programu ya akili mnemba kunyoosha lugha sema kwenye pepa kama jarida linavyotaka, haiwezi kuwa mwandishi, na usiipakie taarifa za kesi.

## Hatua ya 7: Majina ya waandishi, kaeni chini muongee

Fanyeni kikao kabla ya kutuma. Vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni vinne na mtu anatakiwa avitimize vyote: alichangia kwa maana kwenye wazo, data au uchambuzi, aliandika au kuhariri kwa kina, aliidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuijibia kazi. Bosi ambaye hajaisoma anashukuriwa mwishoni, kwa heshima zote, lakini sio mwandishi. Na yule teknisheni aliyekesha na mashine na akachambua data mpeni nafasi ya kuisoma na kuichangia rasimu, msimfungie mlango alafu mseme hakutimiza vigezo.

Najua kwetu kumwambia mkubwa hivo ni kazi. Namna iliyonisaidia ni kumpelekea vile vigezo vilivyoprintiwa na kumwambia "mkuu, jarida linataka tusaini hapa kila mmoja alichofanya". Akiona pengo mbele ya jina lake ataamua mwenyewe asome au ajitoe.

## Hatua ya 8: Kutuma

Tenga nusu siku na bando la kutosha, usianze saa nne usiku umeme ukiwa wa kubahatisha. Mfumo unahifadhi hatua kwa hatua lakini faili kubwa likikatikia njiani utaanza upya.

Andaa folda moja: pepa, ukurasa wa majina peke yake kama jarida linaficha waandishi, majedwali, picha moja moja, tamko la maslahi, tamko la data, na barua kwa mhariri. Barua isizidi ukurasa: swali, jibu, kwanini wasomaji wa jarida hilo, na kwamba haijatumwa kwingine. Na kweli isiwe imetumwa kwingine, kutuma majarida mawili kwa mpigo kunaharibu jina lako.

Wakikuomba wahakiki, pendekeza watatu wenye imeili za taasisi, wasiwe walimu wako wala uliowahi kuandika nao.

Mfumo ukishatengeneza PDF ifungue na uisome yote kabla ya kuidhinisha. Alama za mikro zinageukaga viboksi, na µg ikiwa mg umemkosea mtu mara elfu moja.

Utajua imefika ukipata imeili yenye namba ya pepa. Angalia na spamu.

## Hatua ya 9: Majibu yakija

Wahakiki wakiomba marekebisho makubwa, mlango uko wazi, wengi wanakata tamaa hapo bure. Soma, funga, lala, rudi kesho yake.

Tengeneza faili la majibu: nakili kila hoja kama ilivyo, chini yake jibu lako, chini yake ukurasa na mstari ulipobadilisha. Usiruke hata hoja moja ndogo. Kama mhakiki amekosea unaruhusiwa kukataa, kwa upole na kwa data. Ukihitaji muda zaidi, mfano vitendanishi bado viko bandarini, mwandikie mhariri kabla tarehe haijapita.

Ikikataliwa na wakapendekeza kuihamishia jarida dada, angalia kwanza kama hilo dada ni la wazi lenye malipo. Usibonyeze kukubali kwa furaha.

## Hatua ya 10: Nakala ya mwisho

Ikikubaliwa utaletewa nakala iliyopangwa, mara nyingi wanataka irudi ndani ya siku mbili. Angalia tahajia ya majina yenu, taasisi, namba ya kibali, vipimo kwenye majedwali, na picha zote tena kona nne. Kwenye fomu ya haki uhakikishe umechagua njia ya usajili kama hamna hela, mana ukitiki ya wazi kwa bahati mbaya ankara inakuja na kuifuta ni mzunguko mrefu.

Ikitoka tu, peleka nakala kwa kamati iliyokupa kibali na kwa maabara iliyokupa sampuli. Wale waliokupa sampuli mara nyingi hawajui kabisa ziliishia kwenye nini, na safari ijayo ukigonga mlango watakukumbuka.